Kama Haikuwahi Kuwepo, Laki Yangu Iko Wapi?

Waingereza wana vitenzi viwili vya kufuta uamuzi, na mimi vyote viwili vimenichosha. Kimoja ni revoke, kingine ni rescind. Ukifungua kamusi utaambiwa ni ndugu wa tumbo moja, chukua yeyote unayemtaka. Usidanganyike. Ukimkuta mmojawapo kwenye barua inayokuhusu, uliza kwanza ni yupi, maana mmoja hulipa madeni na mwenzake halipi.

Kwa Kiswahili cha mahakamani tunasema kutengua na kubatilisha, ingawa huku mtaani tunavichanganya na hakuna anayekamatwa. Kutengua ni kusema "kuanzia leo basi." Mnakijua kitenzi hiki vizuri. Saa nne usiku, umeshapiga mswaki, simu inaita: taarifa kwa umma kutoka Ikulu, Rais ametengua uteuzi wa mheshimiwa fulani, ambaye atapangiwa kazi nyingine. Mheshimiwa harudishi mishahara. Harudishi mafuta ya lile gari kubwa. Zahanati aliyoizindua haifungwi ikazinduliwe upya, na jina lake kwenye jiwe la msingi hakuna anayelikwangua. Yaliyopita yalikuwa halali. Ni kwamba tu kesho asubuhi atajifungulia mlango wa gari mwenyewe.

Kubatilisha ni mambo mengine. Hakusemi "kuanzia leo," kunasema "tangu mwanzo." Ulichodhani kilikuwepo hakikuwahi kuwepo. Kwa hiyo kila mtu arudishe alichopokea na arudi alipokuwa amesimama. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo asili yake ni sheria waliyoiandika Waingereza kwa ajili ya India mwaka 1872, haina utani hapo: ukiamua kuuvunja mkataba ulioingizwa kwa kudanganywa, urudishe ulichofaidi. Umeuziwa gari ukaambiwa injini nzima, kumbe ilishafunguliwa mara kadhaa na fundi wa chini ya mwembe? Unarudisha gari, unarudishiwa pesa, mnaagana na kila mmoja anakwenda kwao.

Mambo haya ningewaachia mawakili, ambao wanalipwa ili wayajue, isingekuwa kamati ya harusi.

Niliingizwa kwenye grupu bila kuulizwa, kama ilivyo desturi. Bwana harusi ni kijana wa jirani yetu wa zamani. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anamwaga uji. Kadi ya mchango ikaja, ina maua pembeni na bei chini: single elfu hamsini, double laki moja. Mama watoto akasema twende double, tusije tukaonekana tumeachana. Nikaahidi. Tangu hapo kila asubuhi, kabla jogoo hajamaliza kazi yake, katibu anabandika orodha ya majina yetu. Waliolipa wana alama ya vema. Mimi nilikuwa na kistari, na mbele ya kistari maneno "ahadi 100,000, amelipa 0," wakiyasoma watu ninaokaa nao benchi moja kanisani. Nikalipa. Kwa kuwa mweka hazina alikuwa ameandika kwa herufi kubwa TUMA NA YA KUTOLEA, nikatuma na ya kutolea.

Kisha harusi ikavunjika. Sababu sizijui na sizitaki. Katika grupu lile habari za furaha huja kwa Kiswahili na mashairi, za aibu huja kwa Kiingereza. Mwenyekiti akaandika kwamba wazazi wa pande zote mbili wameketi, na uamuzi wa kufunga ndoa umekuwa rescinded. Hakuandika revoked. Aliandika rescinded. Nilisimama kutoka kwenye kochi. Nikamwambia mama watoto, "Umeona? Laki inarudi."

Nikasubiri. Wakaja watu na mikono ya kuomba: poleni sana, Mungu ana makusudi yake, kila jambo na wakati wake. Wajumbe wote wale, wenye watoto wa kusomesha, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za pesa. Nikaona ubinadamu una mwisho. Nikaandika kwa adabu kwamba natoa pole kwa familia, na ninaomba ufafanuzi kuhusu michango. Tiki zikageuka bluu na grupu likanyamaza kwa namna ambayo halikuwahi kunyamaza tangu lianzishwe.

Jioni mweka hazina akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, ule mchango ulikuwa ni upendo tu."

"Upendo kwa nani, mwanangu? Harusi hakuna."

"Kwa familia, baba."

"Mwenyekiti kaandika rescinded, hakuandika?"

"Kaandika, baba, lakini alimaanisha imeishia hapo tu."

"Basi angeandika revoked."

"Baba, si vyote Kiingereza?"

Akanisomea mahesabu. Kianzio cha ukumbi hakirudi, mwenye ukumbi ana mkataba. Mpambaji ameshanunua vitambaa. MC amekula kianzio na hapatikani hewani. Kilichobaki kimekwenda kwenye gharama za vikao, yaani mbuzi na vinywaji, vikiwemo vya kikao cha mwisho, kile kilichokaa kuzungumzia namna ya kuvunja vikao.

Nikalielewa tatizo. Watu wanapenda kubatilisha mdomoni na kutengua mfukoni. Kwenye aibu wanataka lile neno kubwa: haikuwahi kuwepo, msituulize, futeni picha. Likija suala la pesa wanakimbilia lile dogo: yaliyopita yamepita, tugange yajayo.

Na ujanja huu haukuanzia kwenye grupu letu. Watu husema Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliwapa talaka wake zake. Hakumpa talaka hata mmoja. Kati ya ndoa zake sita, tatu zilibatilishwa, yaani zilitangazwa kuwa hazikuwahi kuwa ndoa. Catherine wa Aragon alikaa naye tangu 1509, akamzalia, na mwaka 1533 akaambiwa kwamba miaka yote ile hakuwa mke. Akafuata Anne Boleyn. Huyu alihukumiwa kifo kwa mashtaka ambayo moja lilikuwa uzinzi, kisha tarehe 17 Mei 1536 ndoa yake ikatangazwa batili, na tarehe 19 akakatwa kichwa. Sasa nauliza mimi nisiyejua sheria: kama hakuwahi kuwa mke, huo uzinzi alimfanyia mume gani? Ndoa ilifutwa tangu mwanzo, lakini kosa la kuisaliti likabaki palepale na upanga ukaletwa.

Aliyeuelewa mchezo ni Anne wa Cleves, mke wa nne. Mwaka 1540, baada ya ndoa ya miezi sita, alipoambiwa kwamba ndoa haikuwepo, hakubisha. Akakubali, akapewa majumba na kipato chake, akawa anaitwa dada mpendwa wa mfalme, na mfalme mwenyewe akamtangulia kufa. Ukiambiwa kitu hakikuwahi kuwepo, usibishane na historia. Uliza unaondoka na nini.

Hatari nyingine ya kubatilisha ni kwamba hakubagui. Mwaka 897 kule Roma, Papa Stefano wa Sita alikuwa na kinyongo na mmoja wa watangulizi wake, Formosus. Formosus alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, jambo ambalo kwa kawaida humaliza ugomvi. Stefano akaamuru afukuliwe. Maiti ikavishwa mavazi ya kipapa, ikakalishwa kwenye kiti, ikasomewa mashtaka, na shemasi mmoja akasimama pembeni kuijibia. Utetezi, kama mnavyotarajia, haukuwa na nguvu. Marehemu akakutwa na hatia, vidole vitatu vya kubarikia vikakatwa, na mwili ukaishia mtoni. Lakini kubwa zaidi, upadirisho wote alioutoa ukabatilishwa. Fikiria wewe ni padri wa parokia huko kijijini, umeamka, umekunywa uji, unaletewa habari kwamba wewe si padri na hujawahi kuwa, kwa sababu maiti imeshindwa kesi.

Na mwenye faida ni nani? Stefano mwenyewe alikuwa amepewa uaskofu wa mji mwingine na Formosus huyohuyo, na kanuni za wakati ule zilikataza askofu kuhama jimbo moja kwenda jingine. Uaskofu ule ukifutwa, na kosa la kuhama linafutika. Yaani hata kwenye kikao cha kuhukumu maiti kulikuwa na mjumbe anayepiga hesabu zake. Mwaka haukuisha, Stefano akanyongwa gerezani, na mapapa waliofuata wakaubatilisha ule ubatilishaji. Baadaye akaja Papa Sergius wa Tatu akaurudisha. Yule padri wa kijijini nadhani mwishowe alienda kulima.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji Kiingereza kuyatenganisha mambo haya. Kwenye talaka rejea mke yuko edani, na mume akimrejea kabla eda haijaisha, hakuna ndoa mpya wala mahari nyingine; uamuzi umetenguliwa, maisha yanaendelea, majirani wanatafuta habari nyingine. Kwenye khului, mke ndiye anayetaka kutoka, na anajikomboa kwa kurudisha mahari au kile walichopatana. Mnaona ustaarabu huo? Pesa inatajwa mlangoni kabla mtu hajavaa viatu. Hakuna kadhi anayemwambia mtu kwamba mahari ilikuwa ni upendo tu.

Huku kwetu leo tunafuta kwanza, ya pesa tutajua mbele ya safari. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti na kuagiza urudiwe ndani ya siku 60. Mahakama ilifanya kazi yake na Afrika nzima ikashika tama. Lakini mwananchi aliyeamka alfajiri ya Agosti 8, akapanga foleni kwenye baridi, akachovywa kidole wino, kisheria alikuwa amepanga foleni ya nini? Usingizi ule hakurudishiwa. Alichopata ni taarifa kwamba tarehe 26 Oktoba kuna foleni nyingine.

Tukiwa hukohuko Kenya, mchukueni Rita Jeptoo. Mwaka 2014 alishinda mbio za Boston, baadaye akakutwa na dawa zilizokatazwa, na ushindi ule ukafutwa. Mshindi akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekuwa wa pili. Kwenye karatasi kazi iliisha: jina moja likatoka, jingine likaingia. Mwenzangu, pesa haina haraka hiyo. Zawadi ilikuwa imeshatoka kwa aliyefutwa, na miaka ikapita Deba akiwa bingwa asiye na hundi. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja Mmarekani, mpenda mbio tu asiyehusika na lolote, alisoma habari zake akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Mimi grupu letu nimelikagua jina kwa jina. Hatuna mjumbe wa aina hiyo.

Ila nilikuwa na karata moja, na nikaitupa. Mtakumbuka mwaka 2017 Tanzania iliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 kwa vyeti vya kughushi. Ajira zao zilihesabiwa kuwa zilipatikana kwa udanganyifu. Kwaheri, bila mafao. Lakini mwaka 2022 Serikali ikatangaza kwamba itawarejeshea michango yao, ile waliyokatwa wenyewe kwenye mishahara kwenda mifuko ya hifadhi ya jamii. Nikaandika kwenye grupu, safari hii kwa Kiswahili chenye nukta na mikato: "Ndugu wajumbe, ikiwa Serikali imemrudishia mchango wake mtu mwenye cheti cha kuchonga, mimi niliyetuma laki halali, na ya kutolea, nimekosa nini?"

Hoja ile ilikuwa nzito, nakiri mwenyewe. Shangazi mmoja akaweka kidole gumba kisha akakiondoa. Mjumbe mwingine akanifuata pembeni kwa ujumbe wa siri kuniambia yuko nyuma yangu, niendelee, ila nisimtaje. Kwa hiyo uungwaji mkono upo, isipokuwa wote umejificha.

Jibu la kamati lilipokuja halikuwa na neno hata moja kuhusu hoja yangu. Asubuhi niliamka nikakuta grupu limebadilishwa jina na picha. Kijana ni yuleyule, suti ni ileile, bibi harusi ni mwingine. Katibu akaandika kwa Kiswahili, na mashairi juu: Mungu ni mwema, karibuni tena tufanikishe, single elfu sabini, double laki na nusu. Chini yake orodha. Jina langu liko pale, lina kistari.

Nikapiga simu mwenyewe.

"Katibu, mbona nimeandikiwa sifuri? Kuna laki yangu humo."

"Shikamoo baba. Ile ilikuwa kamati ya zamani. Imevunjwa."

"Na mweka hazina?"

"Ni yuleyule, baba, ana uzoefu."

"Bwana harusi je?"

"Naye ni yuleyule."

Sikukasirika. Nilimuuliza swali moja la kisomi. Kamati ya zamani imevunjwa kuanzia lini: kuanzia juzi, au tangu mwanzo? Kama ni kuanzia juzi, basi ilipokea laki yangu ikiwa kamati halali, na ninyi mliorithi grupu, katibu, mweka hazina na bwana harusi, mrithi na deni. Kama ni tangu mwanzo, basi haikuwahi kuwepo kamati, aliyepokea pesa yangu hakuwa mweka hazina bali mtu mwenye simu, na hapo mimi na ninyi hatuhitaji kamusi, tunahitaji polisi.

Katibu akanyamaza, akasema, "Baba, hilo ni zito, ngoja nilipeleke kwenye kikao." Amelipeleka kweli. Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, ajenda ni moja, madai ya mzee, na kila mjumbe anaombwa aje na elfu kumi ya vinywaji. Mimi nimeambiwa nitume mapema, na ya kutolea.